Maji Yalipofika Mstarini

Mimi nina mdomo. Nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na watu. Mama yangu, kule Kasulu, alikuwa akisema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Nilipoolewa nikaletwa huku Kibondo, kwenye bonde lililo chini ya Murungu, wakwe zangu walichukua mwaka mzima kunizoea, na mume wangu, Mungu amlaze pema, alikufa bado anajaribu. Lakini mdomo huo huo ndio ulionipa kazi. Skimu yetu ya mpunga ilipojengewa banio jipya la zege mtoni, kikao kiliuliza nani ashike ufunguo wa lango. Wanaume watatu walikuwa wamekwisha kuushika wakashindwa, maana kila shemeji akija na maneno matamu wanamwelekezea maji. Mwenyekiti akasema apewe yule mama asiyeogopa shemeji. Watu wakacheka, wakanipa.

Banio lenyewe ni ukuta mfupi unaokatiza mto. Maji yakijaa nyuma yake yana njia mbili. Moja ni mfereji unaokwenda kwenye mpunga, nyingine ni lango la chini linaloyarudisha mtoni yaendelee na safari yake. Hilo lango la chini ndilo lenye usukani na kufuli, na ndilo lililokuwa langu. Ukilifunga, mpunga unakunywa mpaka unalewa, na mto chini ya banio unabaki mawe na tope. Walionitangulia walilifunga kila kiangazi, na hakuna aliyewauliza.

Mwaka niliopewa ufunguo akaja afisa wa maji kutoka Kasulu, mtu mzima mwenye mvi, pikipiki yake imejaa vumbi, na kopo la rangi nyekundu limefungwa nyuma kwa mpira. Alituambia mto nao una haki ya maji yake, na kwamba kibali chetu cha umwagiliaji kimeandikwa hivyo. Alisema samaki wa mto huu, kambale na ningu, hukimbilia kiangazi kwenye malindi, yaani yale mashimo marefu ya mto yasiyokauka, wakangoja humo mvua za kwanza ndipo wapande kwenda kutaga. Mto ukikatika hapa kwetu, lindi huko chini linakuwa supu. Basi akachimbia nguzo ya zege hatua chache chini ya lango, akaipaka mstari mwekundu. Kiangazi chote maji yasishuke chini ya mstari huu, akasema. Mvua za kwanza zikinyesha, lango lifunguliwe lote siku tatu, samaki wapite. Na kila Jumatatu asubuhi niipige picha ile nguzo kwa simu, nimtumie.

Niliushika mstari ule kama amri ya kumi na moja. Nilimfukuza shemeji yangu mwenyewe pale langoni, na fimbo mkononi. Sikutaka kusikia habari ya mtu wala ya mpunga wake mpaka rangi nyekundu ilowe. Kila Jumatatu picha ilikwenda Kasulu, na kila Jumatatu jibu lilirudi: Hongera mama. Na mimi nilipenda hongera, sitakuficha. Tangu mume wangu afe hakuna mtu aliyekuwa akinipa.

Sasa nikueleze habari ya muhogo, maana bila muhogo huwezi kuuelewa ujinga wangu.

Huku kwetu ugali ni wa muhogo, na muhogo wetu mwingi ni mchungu. Huo hauliwi hivi hivi, unaua. Unamenywa, unalowekwa majini siku tatu nne mpaka ulainike na kutoa sumu yake, unaanikwa juu ya mwamba, ndipo unatwangwa. Harufu yake mgeni huziba pua, sisi tunasikia njaa. Kila nyumba ina kidimbwi chake mtoni cha kulowekea, kimezungushiwa mawe ili maji yatulie na muhogo usichukuliwe na mkondo. Mawe hayo hurithiwa. Mimi mama mkwe alinionyesha mawe yake siku ya pili ya ndoa, kabla hajanionyesha choo.

Zamani vidimbwi vyetu vilitawanyika, huyu huku, yule kule, na kiangazi kikikaza wanawake walihangaika kutafuta mahali penye maji. Nilipopata ufunguo, mahali pekee penye maji mwaka mzima pakawa chini ya lango langu, mbele kidogo ya ile nguzo. Nikawaita mwenyewe. Njooni huku, maji yapo, nayatoa mimi. Wakaja na mawe yao. Dada yangu wa tumbo moja, ambaye alinifuata huku akaolewa kijiji hiki hiki, aliweka mawe yake yakagusana na yangu. Mwingine akagusisha na yake. Na kwa kuwa wanawake tukikaa pamoja kazi inakuwa hadithi, hatukuona tunachojenga. Ilipofika Agosti mawe yalikuwa yamekatiza mto kutoka ukingo mpaka ukingo.

Na hapo ndipo ulipoanza muujiza wangu. Mwanzoni, ili maji yafike mstarini, nilikuwa nazungusha usukani mara saba. Baadaye zikatosha sita. Kisha tano. Agosti nilikuwa nazungusha mara nne tu na mstari mwekundu umelowa vizuri. Nilimshukuru Mungu. Nilidhani chemchemi zimefufuka, nilidhani mto umebarikiwa kwa sababu hatimaye umepata mtu mwaminifu. Na kwa kuwa maji hayakuhitajika tena mtoni, yaliyobaki yakaenda kwenye mfereji. Shamba la dada yangu lipo mwisho kabisa wa mfereji, mahali ambapo kila kiangazi ardhi hupasuka mpaka unaweza kutumbukiza mguu. Mwaka ule lilikuwa kijani. Dada alipita langoni akiimba.

Mtu wa kwanza kulalamika alikuwa bibi wa lindini.

Huyu bibi aliishi mwendo wa nusu saa chini ya banio, pale mto unapokunja na kufanya lindi kubwa. Alikuja kutoka Burundi akiwa msichana, mdogo wake mgongoni, miaka ambayo mimi sijazaliwa. Amezeeka hapa, amezika hapa mume na mdogo wake huyo, na karatasi zake za uraia anazo ndani ya mfuko wa nailoni, zimekunjwa mara moja tu ili zisichakae. Kijiji kilimpa kile kipande cha lindini enzi ambazo hakuna aliyekitaka kwa sababu ya mbu. Alivua kwa migono, ile mitego ya kusuka kwa fito, akawakausha kambale kwa moshi akauza sokoni Kibondo. Kambale wa bibi tulimla wote. Jike akiingia mgononi ana mayai, alimrudisha majini, na tulimcheka kwa hilo.

Basi akapanda mpaka langoni, taratibu, na mkongojo. Akanisalimu kwa heshima zote, akapiga vile viganja kama desturi yetu, akaniambia maji yanayomfikia ni machache na hayatembei. Nikamshika mkono nikampeleka kwenye nguzo. Nikamwonyesha mstari. Nikamuuliza, kwa ule mdomo wangu, kama hauoni au macho yamekwisha. Bibi aliutazama mstari. Akayatazama mawe yetu. Akanitazama mimi. Kisha akapiga tena viganja, polepole, akasema "Ego", ndiyo, nimesikia, akashuka alikotoka.

Nilijiona nimeshinda.

Katikati ya Septemba jua lilikuwa kali mpaka mbwa hawabweki. Afisa akanipigia simu. Alisema maji yaliyosimama malindini yanapata joto, samaki wanakosa pumzi, kwa hiyo kesho alfajiri nifungue lango lote mpaka adhuhuri, mto upate maji mengi kwa mara moja ujisafishe. Nilifungua. Jamani, ilikuwa raha! Maji yalitoka yananguruma, yakapiga mawe yetu, yakayabomoa, wanawake wakakimbilia muhogo wao huku wanacheka na kunitukana, na maji meusi ya vidimbwi vyetu yote yakaenda kwa mkupuo mmoja. Nilisimama juu ya ukuta mikono kiunoni. Nilijisikia kama nimewapikia samaki wote wa mto ule.

Kesho yake kulipopambazuka nikashuka lindini kuitazama kazi yangu njema. Njiani nikakutana na bibi. Amelowa mpaka kiunoni, ana ndoo kichwani, na mikia ya samaki inapiga piga ukingo wa ndoo. Akanisalimu mwakeye, nikamjibu, akapita haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea. Nikafika lindini. Samaki walikuwa wanaelea matumbo juu. Ningu kwa mafungu. Kambale wenye urefu wa mkono wangu, kambale ambao wanaweza kukaa kwenye tope siku nyingi wasife, nao wamekufa. Yale maji yalikuwa na harufu, ndiyo, lakini harufu yenyewe kwangu ilikuwa ya nyumbani, na pua haikuniambia chochote.

Nilikaa kwenye jiwe nikalia. Nawaambia watu hili hawaamini, kwamba nililia kwa ajili ya samaki. Lakini kiangazi kizima niligombana na ukoo mzima wa mume wangu kwa ajili yao.

Na machozi yangu mimi hayakai, yanageuka hasira. Nikakumbuka ndoo. Nikakumbuka utupa, ule mmea ambao majani yake yakipondwa na kutiwa mtoni samaki hulewa wakaelea, na ambao umekatazwa miaka yote. Nani anaishi lindini? Nani nimemwona na ndoo ya samaki alfajiri, amelowa maji, anakimbia? Nilipanda kutoka lindini mpaka kijijini nikipiga kelele njia nzima. Kufika saa sita mchana hakukuwa na nyumba isiyojua kwamba bibi ametia utupa, na kwamba shahidi ni mimi.

Mwenyekiti aliitisha kikao cha Jumamosi. Neno lililokuwa likizunguka ni kwamba kile kipande cha lindini kirudi kijijini, migono ichomwe, na bibi atafutiwe mahali pengine mbali na mto. Mahali gani, hakuna aliyesema. Kuna mwanamume mmoja alisema malori yaliyowabeba wale wakimbizi wa kambi ya Mtendeli bado yanajua njia ya Burundi. Watu wakacheka. Mimi nilikuwapo. Siku ile nilikuwa na mdomo kwa kila jambo isipokuwa hilo.

Alhamisi nikaenda langoni kama kawaida. Nikazungusha usukani mara nne. Nikasubiri. Maji hayakufika mstarini. Yalikuwa chini, shibiri nzima. Nikasema labda takataka zimeziba lango, nikaingiza mti nikachokonoa, hakuna kitu. Nikazungusha mara ya tano, ya sita. Kidogo tu yakapanda. Nilipofika ya saba ndipo mstari ukalowa, na mimi mwenyewe nimelowa jasho. Nikaulaani usukani. Nikamlaani fundi aliyeufunga. Nikashuka kuona kama huko chini kuna tundu linalonyonya maji, na nilichokuta ni mawe yetu, yametawanyika kama yalivyoachwa siku ile.

Kisha nikarudi nikapunguza lango, mizunguko minne. Nikashuka mtoni nikaanza kupanga mawe, yangu kwanza, kisha ya dada, kisha ya wengine, kutoka ukingo huu mpaka ule. Niliinua kichwa. Mstari mwekundu ulikuwa umelowa. Nikaondoa mawe matatu ya katikati. Mstari ukakauka.

Nikakaa ndani ya maji na nguo zangu.

Haukuwa muujiza. Mawe yetu yalikuwa yameyazuia maji yakarudi nyuma na kupanda kwenye nguzo, na mimi nikaona mstari umelowa nikasema mto umeshiba. Mto haukuwa umeshiba, ulikuwa umesimama. Kiangazi kizima nilituma Kasulu uongo kwa picha, na maji ya samaki nikayapeleka kwenye mpunga wa dada yangu. Na ule muhogo mchungu wa kijiji kizima, wiki baada ya wiki, ulikuwa ukitoa sumu yake kwenye maji yasiyotembea, mpaka siku nilipofungua lango nikayasukuma yote kwa mara moja yakaingia lindini. Utupa ulikuwapo kweli. Tulioutia ni sisi, na aliyeusindikiza kwa mikono kiunoni ni mimi. Nyani haoni kundule, wahenga walimwona mtu kama mimi.

Nikaenda moja kwa moja kwa dada. Nilimkuta anaanika muhogo. Nikamweleza lote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi. Halafu akaniuliza kama nimemwambia mtu mwingine. Nikasema bado. Akaniambia niangalie shamba lake, lilikuwa linachanua, limebakiza wiki chache. Nikisema, lango litafunguliwa mizunguko saba na mwisho wa mfereji utakauka. Nikisema, wanawake watapoteza mahali pa kulowekea na watanichukia mimi na yeye. Yote hayo yalikuwa kweli. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nalisikia.

"Wewe nyamaza. Yule bibi ataenda kwingine. Amezoea kuhama."

Dada yangu si mtu mbaya. Mume wangu alipokufa alilala sakafuni kwangu siku arobaini. Aliogopa njaa, basi, na njaa anaijua. Lakini neno lile lilinichoma mahali ambapo sikujua pana nyama. Mimi na yeye sote ni wa Kasulu. Tumehamia huku na mabegi yetu kichwani, na hakuna aliyewahi kutuambia tumezoea.

Sikumjibu. Ndiyo, mimi. Nilirudi nyumbani bila kumjibu, na siku ya Ijumaa sikuongea na mtu mpaka majirani wakauliza kama naumwa. Nitakuambia ukweli: nilifikiri sana kunyamaza. Nilijiambia bibi ni mzee, labda kwa mtoto wa mdogo wake kule Gwarama angepata mahali pazuri zaidi. Nilijiambia samaki wamekwisha kufa, kusema hakutawafufua. Moyo una maneno matamu kuliko shemeji yeyote.

Jumamosi tukakaa kwenye ghala la skimu, juu ya magunia. Bibi alikaa karibu na mlango. Magotini ameweka mfuko wake wa nailoni, zile karatasi. Hakuja na shahidi, hakuja na ndugu, hakuja hata na maneno. Tulimwita kwa ajili ya samaki, yeye akaleta uraia. Alijua kabla yetu kesi yenyewe ni ipi.

Mwenyekiti aliponiita nitoe ushahidi, nilisimama nikashika ukuta.

"Si utupa," nikasema. "Ni muhogo. Na wa kwanza kuuloweka pale ni mimi."

Walinizomea. Wengine walidhani bibi ameniroga. Sikubishana nao, na hilo peke yake liliwashtua. Nilitoka nje nikaelekea langoni, na watu wakanifuata kwa sababu ya udaku tu. Nikazungusha usukani mara nne mbele ya macho yao. Maji chini ya mstari. Nikavua viatu, nikaingia, nikapanga mawe mbele yao, jiwe kwa jiwe, mgongo unauma, hakuna aliyenisaidia. Maji yakapanda mstarini. Nikabomoa. Yakashuka. Nikapanga tena. Mara ya tatu mwenyekiti aliniambia basi mama, toka majini, tumeona.

Dada aliondoka bila kunitazama. Mwenyekiti akasema kipande cha lindini hakiguswi na mtu yeyote asitaje tena malori. Akasema mawe yote yatoke mtoni na kila nyumba ichimbe shimo lake la kulowekea pembeni, mbali na ukingo, maji yake yamwagwe ardhini, si mtoni. Kisha akaninyooshea mkono. Nikampa ufunguo.

Akamgeukia bibi, akamwambia kwa heshima kwamba kijiji kimemkosea, na kwamba yeye anayeujua mto kuliko wote ndiye ashike ufunguo. Bibi aliutazama ule ufunguo muda mrefu. Mikono yake haikutoka kwenye mfuko wa nailoni.

"Sitaki kitu mtakachokuja kuninyang'anya," akasema. "Mrudishieni huyo. Huyo hata akikosea ni wenu."

Nilirudishiwa ufunguo. Sijawahi kushika kitu kizito namna ile.

Jioni ile nilimpigia simu afisa nikamwambia picha zote zilikuwa uongo, akate tu jina langu. Akasema kosa ni lake pia, alipima kimo cha maji akasahau kuuliza kama yanatembea. Alikuja wiki iliyofuata akaihamishia nguzo chini zaidi, mahali penye maporomoko madogo ambapo hata ukipanga mawe yanachukuliwa. Tangu hapo ni mizunguko saba, na Oktoba ikawa minane. Mwisho wa mfereji ulikauka. Dada alivuna nusu ya alichotegemea, na hakunisalimu mpaka Krismasi. Nilimpelekea sehemu ya mpunga wangu, akaupokea kupitia mlangoni bila kunikaribisha ndani. Ni haki yake.

Kwa bibi nilikwenda kuomba msamaha Jumapili baada ya kanisa, na sikutaka kwenda mikono mitupu, nikambebea kikapu cha unga. Nimefika mlangoni ndipo nikagundua ni unga gani niliombebea. Wa muhogo! Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi aliutazama unga, akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake mawili ya mbele. Alicheka mpaka akashika mlango. Lakini neno la msamaha hakulisema, na mimi sikulidai.

Kuanzia wiki ile, Jumatatu kabla ya kupiga picha, nilishuka kwanza kwake. Alitumbukiza mkono lindini, akausikiliza. Akisema bado, nilipanda nikaongeza mzunguko. Akisema sawa, nilikwenda nikapiga picha. Hatukuongea mengi. Lindi lilikuwa safi na tupu.

Mvua za kwanza zilikuja Novemba, zikanyesha siku nzima. Asubuhi yake nilikuwa langoni, kufuli mkononi, tayari kufungua siku zile tatu za samaki kupanda, ingawa moyoni najiuliza ni samaki gani. Nikamwona bibi anakuja kwenye matope. Akaniambia nisifungue kwanza, nimfuate.

Alinipeleka kwenye kijito kinachoingia mtoni katikati ya banio na lindi, kijito chembamba cha chemchemi ambacho nimekiruka miaka yote bila kukitazama. Juu kidogo, nyuma ya matete, alikuwa amekizuia kwa fito na miiba. Akasogeza matete. Ndani yake kulikuwa na ningu. Wazima, wananenepa, matumbo yamejaa mayai, na kambale wawili wakubwa wamelala chini ya mizizi.

Nilisimama pale na mvua inaninyeshea. Siku ile ya ndoo alikuwa anapanda njia. Nyumba yake ilikuwa nyuma yake, na mwizi wa samaki hapeleki samaki mbali na nyumba yake. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mawili, nikashuhudia kinyume.

"Nilisikia harufu ya muhogo usiku," akasema. "Nikachukua waliokuwa bado wanapumua. Ulinikuta na ndoo. Hukuniuliza nawapeleka wapi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwenye kikao. Akaendelea kung'oa miiba, mmoja mmoja, akiiweka pembeni.

"Ungeniamini?"

Nilikuwa na mdomo maisha yangu yote. Pale sikuwa nao. Nililia, na safari hii hayakugeuka hasira.

Alipomaliza kung'oa fito ya mwisho aliniambia niende nikafungue. Nilikimbia kama msichana. Nikazungusha usukani mpaka ukagoma, maji yakafunguka yote. Baada ya muda bibi akafika, akasimama kando yangu juu ya ukuta, akashika mkono wangu kwa sababu ukuta ulikuwa unateleza. Maji yalikuwa tope tupu. Nilikodoa macho mpaka yakauma, sikuona mkia wala pezi. Yeye hakuwa anatazama maji. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Kisha akasema wamepita.

Jumatatu afisa alinitumia ujumbe kuuliza kama samaki wamepanda, na picha iko wapi. Nikamjibu kwa vidole vyangu vizito: Hakuna picha. Bibi amesema wamepita.